Pembe

Mimi si mwalimu. Naosha bika
na kuhesabu mirija ya kioo isipungue,
mwaka wa kumi na tisa sasa,
dirisha langu likitazama matangi ya Shimanzi.
Lakini Jumanne ile Mwalimu Kalume aliumwa jino,
na wasichana thelathini na wanne
wakanikodolea macho kama mkate uliochelewa tanurini.

Nikafungua bomba. Uzi mwembamba wa maji
(siku hiyo yalikuwapo, alhamdulillahi).
Nikalisugua chanuo la plastiki nywelini, nikalisogeza.
Maji huinama, niliwaambia, huja yenyewe.
Hayakuja.
Yalishuka wima kama askari wa zamu.
Mara tatu. Thureya, binti wa dobi wa Makadara,
alicheka hadi akakohoa.

Basi nikatoa viazi,
vyangu, vya chakula cha mchana,
na njiti za meno.

Kiazi ni oksijeni, nikasema, na kina choyo:
elektroni ni za shirika, chenyewe huzivutia kwake,
kama ndugu anayelala na shuka lote.
Hiki kitunguu ni kaboni. Kinakaa kati.
Viazi viwili, kimoja Likoni, kimoja Nyali,
mstari mmoja ulionyooka.
Kila kimoja chavuta. Nani kashinda?
"Hakuna."
Hakuna. Nguvu zipo, ila zimelipana deni.
Ndiyo hewa tuitoayo puani, haina ncha.

Sasa maji. Kiazi kimoja, ndimu mbili changa.
Thureya akazichomeka kushoto na kulia, sawasawa,
nami nikazikunja kwa kidole zielekee chini,
nyuzi mia na nne na ushei.
Sikuongeza kitu. Sikupunguza.
Nilikunja tu,
na mivuto miwili haikufutana tena,
ilijumlika ikapanda kwenye kiazi:
juu hasi, chini chanya,
kitu kina kichwa na miguu.

"Na yangenyooka?" Mbeyu, dawati la nyuma,
asiyeulizaga kitu.
Yangekuwa hewa, nikamjibu, yasingeshikana mikono.
Kisha nikasita, maana sikuwahi kuliwaza:
Kilindini ingekuwa bonde.
Kivuko kingelala ubavu juu ya mchanga na makopo.
Tusingekuwa kisiwa.
Ni pembe hii inayotufanya kisiwa.
Wageni hupiga picha zile za bati, barabarani;
hii hawaioni.

Wakaanza kunipora mboga.
Kitunguu na ndimu nne, pande nne za anga:
zimefutana. Ng'oa ndimu moja, tia kiazi,
mizani imeanguka.
"Kumbe doa la samli," Thureya akasema polepole.
"Baba hulimwagia maji kanzuni, yanateleza.
Akitia petroli, linaondoka.
Samli haina pa kushikwa."
Baba yake alijua kabla yetu sote.
Jina tu ndilo hakupewa.

Kengele ililia. Viazi vikaliwa, oksijeni kwanza.

Jumatatu akanifuata mlangoni, hajavua mkoba.
Alijaribu tena, kasema, duka la dawa la mjombake,
kwenye kile chumba cha baridi kavu.
"Kosa halikuwa lako. Hewa yetu imejaa maji,
na maji yana ncha, yamelilamba chanuo lako
kabla hujalifikisha bombani."
Kwa hiyo nilishindwa kwa sababu nilikuwa nasema kweli.
Na huko dukani, je?
"Yaliinama. Kidogo tu,
kama mtu aliyesikia jina lake
likitajwa chumba cha pili."

Nikarudi kuosha bika.
Nilipoipindua, maji hayakutoka yote:
tone moja lilibaki limeng'ang'ania mdomo wa kioo.
Nililiacha hapo.